Ndege Watatu wa Matete ya Kilombero

Kabla Daraja la Magufuli halijafunguliwa mwaka 2018, msafiri wa Mahenge akitokea Ifakara alisubiri pantoni kwenye ukingo wa Mto Kilombero. Matete yaliyokuwa mbele yake yalificha ndege watatu wasiopatikana kwingine kokote duniani. Wengi walivuka bila kuwajua.

Wa kwanza ni mnana wa Kilombero, dume lake la manjano lenye uso mweusi. Neil na Liz Baker, watu waliotumia miaka mingi kuorodhesha ndege wa Tanzania, walimwandika rasmi mwaka 1990. Ajabu ni kwamba wasaka viumbe wapya walizoea kutazama juu, kwenye misitu ya milima ya Udzungwa. Huko ndiko alikojulikana kwale wa Udzungwa mwaka 1991, baada ya watafiti wa Denmark kuona miguu ya ajabu ndani ya chungu cha mchuzi. Huku chini, kando ya barabara, wawili wengine waliendelea kungoja.

Hao ni wa jamii ya sisitikola: videge vya kahawia vyenye mistari, ambavyo hata mtaalamu mwenye darubini huvichanganya. Afrika ina spishi zake zipatazo 50, na mara nyingi kinachozitenganisha ni sauti kuliko manyoya. Dume huimba ili kumwita jike na kulinda eneo lake. Jike asipoitikia wimbo wa majirani, koo mbili huweza kukaa matete yale yale bila kuzaliana. Sauti ngeni za Ifakara zilisikika tangu miaka ya 1980. Lakini sikio halitoshi kwa sayansi. Zilihitajika rekodi za nyimbo, vipimo vya miili na ulinganisho wa vinasaba, na majina rasmi yakatoka mwaka 2021 tu, katika jarida la Ibis. Mmoja aliitwa Cisticola bakerorum, kwa heshima ya akina Baker. Mwingine, mwenye mkia wenye weupe, Cisticola anderseni. Jon Fjeldså na Lars Dinesen, waliokuwa kwenye kazi ya yule kwale, walishiriki katika utafiti huu pia.

Anayetaka kuwatafuta aende kiangazi, maji yanapopungua na njia za bondeni kupitika. Atapata na nyongeza. Michanga inayoibuka katikati ya mto hutagiwa mayai na ndege mwenye mdomo wa chini mrefu kuliko wa juu, ambaye huruka akichana uso wa maji kunasa samaki. Kwenye madimbwi yanayokauka huzunguka korongo ambaye mdomo wake una uwazi katikati, chombo cha kushughulikia konokono.

Lakini kiangazi ndicho pia msimu wa moto. Matete huchomwa kupata malisho na mashamba, na mpunga unasogea hadi ukingoni. Bonde liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani mwaka 2002, karibu kilomita za mraba 8,000, ila orodha haizimi moto.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Viongozi wa vijiji vya bondeni waanze na mita hizo: matete yake yasilimwe wala kuchomwa.