Vilima Vilivyorudishiwa Udongo

Sogeeni karibu, wanangu, niwasimulie hadithi ya udongo. Hadithi hii haina sungura wala fisi. Mambo yake yote yalitokea kweli nchini Kenya, kwenye vilima vya Machakos, huko Ukambani.

Kwanza tuelewane jambo moja. Kenya ni nchi pana, lakini ardhi inayolimika, ile ambayo mtu hupanda mahindi na maharagwe msimu baada ya msimu, ni kama sehemu moja tu kati ya kumi. Kwingine kote kuna ukame, mawe, misitu na malisho. Tena sehemu hiyo moja haikai vilevile miaka yote. Hupungua, na pia huongezeka. Machakos iliyaona yote mawili.

Hapo zamani Wakamba walilima vilimani, Mbooni, Iveti na Mua, ambako mvua haikuwa haba sana, na mifugo yao ililisha tambarare. Shamba likichoka, waliliacha lipumzike, wakafungua jingine. Kisha Waingereza wakaja na kuchora mipaka. Mashamba makubwa wakapewa walowezi wa Kizungu, na tambarare ya Yatta ikatangazwa kuwa mali ya serikali. Wakamba wakabanwa ndani ya eneo walilotengewa. Watu wakaongezeka, ng'ombe na mbuzi wakaongezeka, nafasi ikabaki ileile. Shamba halikupumzika tena. Miti ikakatwa, nyasi zikaliwa hadi mizizini.

Sasa sikilizeni jinsi kilima kinavyovuliwa nguo. Mvua ya Ukambani ni ya vuli na ya masika, na mara nyingi hushuka kwa kishindo. Tone likianguka juu ya jani, nguvu yake hupungua. Likianguka juu ya ardhi tupu, huvunjavunja udongo ukawa chembe, na maji huzibeba chembe hizo kuteremka nazo. Kijia cha ng'ombe huwa mfereji, na mfereji huwa korongo. Unaotangulia kwenda ni udongo wa juu, ule wenye rutuba. Udongo huo hujengeka kwa mamia ya miaka, lakini mvua chache kali hutosha kuumaliza.

Mwaka 1937, Colin Maher, afisa wa serikali ya kikoloni aliyeshughulikia hifadhi ya udongo, aliandika kwamba Machakos inageuka kuwa jangwa la mawe na mchanga. Udongo ulikuwa unakwenda kweli, hapo hakukosea. Lakini tazameni dawa iliyochaguliwa: mwaka 1938 serikali iliamua kuipunguza mifugo kwa nguvu. Ng'ombe walikamatwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Na kwa Mkamba ng'ombe alikuwa mahari, maziwa ya watoto, na akiba ya mwaka wa njaa.

Hapo akasimama Muindi Mbingu. Aliongoza Wakamba kwa maelfu, wanaume, wanawake na watoto, wakasafiri zaidi ya kilomita 60 hadi Nairobi. Wakapiga kambi huko, wakasema hawaondoki hadi wazungumze na Gavana. Walikaa wiki kadhaa. Baadaye Muindi alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini serikali ililazimika kuacha kuwanyang'anya watu ng'ombe wao. Leo Nairobi kuna barabara yenye jina lake.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikaja amri nyingine: chimbeni matuta. Watu walitolewa majumbani mwao kufanya kazi ya lazima. Walichimba mtaro, wakautupa udongo upande wa bondeni, njia iliyoitwa fanya chini. Kazi yake ilikuwa nyepesi, ila matuta hayo yalibomoka upesi. Na nani atatengeneza kwa moyo tuta alilochimba huku amesimamiwa?

Badiliko kubwa lilikuja katika miaka ya 1950, pale wakulima walipoanza kushika njia ya fanya juu. Nitawaeleza inavyofanywa, ili nanyi mkitaka mwijaribu.

Mnakuwa watatu. Wawili wanashika vijiti vya urefu mmoja vilivyofungwa kamba kati yake, na wa tatu anatazama kipimo cha maji kinachoning'inia katikati ya kamba. Mnapita shambani mkikingama mteremko, na mnaweka alama kila mahali palipo sawa. Katika alama hizo mnachimba mtaro wa kina cha sentimita 60 na upana kama huohuo. Udongo hamuutupi chini, mnaurusha juu, upande wa kilimani. Hapo ndipo jasho lilipo. Udongo huo unakuwa ukingo, na juu ya ukingo mnapanda nyasi, kama vile napia, ili mizizi iushike na ng'ombe wapate majani. Mvua ikinyesha, maji yanateremka na udongo wake, yanagonga ukingo, yanatulia. Maji yanazama ardhini, udongo unabaki. Msimu baada ya msimu sehemu iliyo juu ya ukingo inajaa na kusawazika, hadi kilima kinakuwa na umbo la ngazi.

Kazi hii mtu mmoja haiwezi. Wakamba wana desturi ya mwethya: majirani hukusanyika, leo kwako, kesho kwangu. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Vikundi hivyo vilichagua viongozi wao vyenyewe, na wengi waliovishikilia walikuwa wanawake. Wakati huohuo Waafrika wa Machakos waliruhusiwa kupanda kahawa, zao ambalo walowezi walikuwa wamejiwekea wenyewe, kwa sharti kwamba shamba liwe na matuta. Ghafla tuta likawa na faida mfukoni.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, amri za kazi ya lazima zikaisha. Kwa miaka michache matuta mengi yakatelekezwa, maana yaliwakumbusha watu shuruti. Halafu wakayarudia kwa hiari yao. Mwaka 1968 kituo cha utafiti cha Katumani, hapo hapo Machakos, kilitoa mbegu ya mahindi yanayokomaa upesi kabla mvua haijakatika. Soko la Nairobi lilikuwa karibu, na karo za shule zilihitaji pesa. Mkulima aliona kwamba shamba lenye matuta linashika maji, na maji ndiyo mavuno. Kuanzia mwaka 1974 msaada wa Sweden ulileta zana na mafunzo, lakini mikono iliyochimba ilikuwa ya wenyeji.

Hesabu yake ni hii. Mwaka 1932 Machakos ilikuwa na watu wapatao 240,000. Mwaka 1989 walikuwa kama milioni 1.4. Hata hivyo, kufikia katikati ya miaka ya 1980 zaidi ya nusu ya mashamba yalikuwa na matuta, na vilimani zaidi ya asilimia 80. Watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, waliochapisha utafiti wao mwaka 1994, walilinganisha picha za mwaka 1937 na nyingine zilizopigwa mahali palepale miaka zaidi ya 50 baadaye. Vilima vilivyokuwa vitupu vilikuwa na miti na mashamba. Watu waliongezeka, na udongo uliopotea ukapungua.

Sisemi kwamba shida zimekwisha. Familia zisizokuwa na pesa za kuanzia zilibaki nyuma. Leo mashamba yanagawanywa vipande vidogo kila baba anaporithisha wanawe, na nyumba za jiji zinasogea kupitia Mlolongo na Athi River. Malori huchota mchanga mitoni hadi kingo zikaporomoka, mpaka kaunti jirani ya Makueni ikatunga sheria ya kuulinda mchanga wake mwaka 2015.

Lakini mmeona wenyewe kwamba ardhi inayolimika hulindwa na anayeijua kuwa yake, anayepata faida yake, na mwenye majirani wa kusaidiana naye. Amri peke yake ilishindwa mara mbili katika hadithi hii. Kwa hiyo mvua ijayo ikinyesha, nendeni mkaangalie maji yanayotoka kwenye uwanja wa shule yenu. Yakiwa mekundu, fuateni yanakoanzia, mwombeni mwalimu jembe, waiteni wenzenu, mchimbe mtaro wa kwanza. Udongo muurushe juu.