Mkate Usiotiwa Chachu

Somo letu ni Kutoka 12:34-39.

Waisraeli walitolewa Misri kwa haraka, hata hawakupata nafasi ya kungoja unga uumuke. Walibeba madonge yao mabegani, yamefungwa katika nguo, wakaoka mikate isiyo na chachu. Hata leo Wayahudi waokapo mkate wa Pasaka huhesabu dakika 18 tangu maji yaguse unga hata mkate uingie tanurini. Kwa maana unga uliolowa, ukiachwa tu, huanza kuchachuka wenyewe.

Twalikumbuka jambo hili kwa ajili ya mama mmoja wa parishi yetu. Daktari alimwambia aache kila chakula chenye hamira, kwa kuwa chamdhuru. Kwanza tuliona haketi nasi tena kwa chai baada ya ibada. Kisha akaacha kuja kwenye Meza ya Bwana. Nasi tukanong'ona kwamba amepoa katika imani! Kumbe chai ilikuwa kwa mkate wa dukani, na Meza ilikuwa kwa mkate ule ule. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza.

Basi tujifunze. Hamira ni kitu hai, kidogo mno kuonekana kwa macho. Hula sukari iliyomo katika unga na kutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo iinuayo donge. Moto huiua hamira, lakini mabaki yake hukaa ndani ya mkate. Kwa hiyo asiyeipatana nayo hasalimiki kwa sababu mkate umeokwa. Wala donge la jana lililochacha si dawa, kwani nalo lina hamira itokayo katika unga wenyewe.

Mgeni wa namna hii tumpe nini? Tusimpe mahamri, maana jina lenyewe latuambia, wala mkate wa kumimina, wala vitumbua vilivyoumuliwa kwa hamira. Tumpe chapati: unga, chumvi, mafuta kidogo na maji ya vuguvugu, tukande, tuache nusu saa, tusukume, tupike. Mandazi nayo yafaa yakiumuliwa kwa beking pauda, kwa kuwa hiyo huinua unga kwa magadi na asidi, haina hamira. Viazi vitamu, mihogo na ugali havihitaji kuumuliwa. Lakini tuulize vizuri: mwingine adhurikaye kwa ngano yenyewe, chapati haitamfaa.

Na Meza ya Bwana je? Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 chakubali mkate wa kawaida wa ngano. Makanisa mengi ya Magharibi hutumia mkate mwembamba wa unga na maji tu, na ndugu zetu Waorthodoksi hutumia uliotiwa chachu. Wakristo walishindana sana juu ya jambo hili katika mwaka 1054. Sisi tuliona si vema kumwekea mama yule sahani ya peke yake, kana kwamba ni mgeni nyumbani kwa Baba yake. Paulo atufundisha katika 1 Wakorintho 10:17 kwamba tulio wengi tu mwili mmoja, kwa kuwa twashiriki mkate mmoja. Hivyo sasa sote twala mkate usiotiwa chachu, na mama amerudi.

Yeye hakuwa amepoa. Sisi ndio tuliokuwa na chachu ile ya kale ya 1 Wakorintho 5:8, yaani ubaya wa moyo, tukamhukumu jirani kabla ya kumwuliza habari zake. Chachu hiyo hakuna daktari awezaye kutukataza. Yatupasa kuiondoa wenyewe. Je, katika kanisa lako, ni nani aliyeacha kuja mezani? Nenda ukamwulize juma hili.

Tuombe. Ee Bwana, utusafishe mioyo, utufundishe kuandaa meza ambayo kila mtoto wako aweza kula. Amina.