Mhitimu Kwenye Dawati la Uhusiano wa Umma

Uhusiano wa umma ni kazi ya kujenga na kutunza maelewano kati ya taasisi na watu ambao taasisi hiyo haiwezi kuishi bila wao, yaani wateja, wafanyakazi, majirani, waandishi wa habari na mamlaka zinazoisimamia. Kazi hiyo huchanganywa mara kwa mara na matangazo ya biashara, ingawa tofauti yake ni kubwa: mwenye tangazo hununua nafasi gazetini au redioni na kusema analotaka, ilhali taarifa ya afisa uhusiano hupitia mikononi mwa mhariri asiyelipwa na taasisi, ambaye anaweza kuikata, kuihoji au kuitupa. Kwa sababu hiyo mhitimu anayeingia katika kazi hii akitarajia kusifia tu hugundua mapema kwamba sifa tupu hazichapishwi.

Historia ya chombo kikuu cha kazi hii, yaani taarifa kwa vyombo vya habari, inathibitisha jambo hilo. Mwaka 1906 treni ya kampuni ya Pennsylvania Railroad ilitumbukia majini karibu na Atlantic City nchini Marekani na kuua watu zaidi ya 50, na mshauri wa kampuni hiyo, Ivy Lee, badala ya kuficha habari kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule, aliandika maelezo ya ajali na kuyagawa kwa waandishi. Taarifa hiyo hutajwa kuwa ya kwanza ya aina yake. Ilizaliwa katika msiba, wala si katika hafla ya uzinduzi.

Nchini Tanzania taaluma hii hufundishwa, miongoni mwa vyuo vingine, katika Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na katika Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kilichopo Mwanza. Masomo ya chuo kikuu huendeshwa kwa Kiingereza, na tasnifu huandikwa kwa lugha hiyo hiyo, lakini mwananchi anayesubiri kuelezwa kwa nini mita yake imebadilishwa husoma na kusikiliza kwa Kiswahili. Ufundi wa kuyapokea maelezo ya mhandisi au mhasibu na kuyaandika upya kwa Kiswahili kinachoeleweka ndani ya saa moja haupimwi sana darasani, nao ndio humtofautisha mhitimu anayehitajika na yule anayevumiliwa tu ofisini.

Mlango mpana zaidi wa ajira ni wa serikali, kwa kuwa wizara, halmashauri, wakala na mashirika ya umma huhitaji maafisa habari na maafisa uhusiano. Nafasi nyingi hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kupitia mfumo wake wa mtandaoni, na mwenye shahada huanzia kwa kawaida Daraja la II. Masharti ya matangazo hayo yanapaswa kusomwa kwa makini: mwombaji awe na umri usiozidi miaka 45, aambatishe cheti cha kuhitimu, kwani hati ya matokeo ya muda haikubaliwi, ataje wadhamini watatu, na aandike barua ya maombi kwa Kiswahili au Kiingereza. Wanaochaguliwa hupitia usaili wa mchujo, ambao ni mtihani wa maandishi, kisha mahojiano ya ana kwa ana. Wapo wanaoondolewa kabla hawajaonekana na mtu yeyote, kwa sababu tu ya kiambatisho kilichokosekana, na si vigumu kuelewa ni kwa nini mwajiri huona uzembe wa namna hiyo kuwa dosari nzito kwa mtu anayeomba kazi ya kuandika nyaraka za umma.

Sekta binafsi haina utaratibu mmoja. Benki, kampuni za simu, hoteli, mashirika yasiyo ya kiserikali na kampuni za ushauri wa mawasiliano huajiri kupitia matangazo, lakini pia huwachukua watu waliokwisha kuonekana kazini, na ndiyo sababu mafunzo tarajali, yaani kipindi cha mhitimu kufanya kazi chini ya usimamizi ili apate uzoefu, yana uzito mkubwa. Taasisi ya serikali ya huduma za ajira, inayojulikana kwa kifupi TaESA, ni moja ya taasisi zinazowaunganisha wahitimu na waajiri kwa ajili ya mafunzo hayo. Kujitolea bila posho ni jambo jingine: kijana anayejilipia nauli ya daladala na chakula mwaka mzima, huku akifanya kazi ya mtu aliyeajiriwa, anaifadhili taasisi hiyo, na ni busara kukubaliana mapema kwa maandishi kuhusu muda, majukumu na angalau gharama za usafiri.

Kazi yenyewe katika miaka ya mwanzo haina fahari inayodhaniwa. Afisa mpya hufika mapema, hupitia magazeti na mitandao ya kijamii, hukusanya yote yaliyosemwa kuhusu taasisi na kumpelekea mkuu wake muhtasari kabla ya kikao cha asubuhi. Huandika rasimu za taarifa, hupiga picha, huandaa majibu ya maswali ya waandishi, hutunza orodha ya wahariri na namba zao. Sehemu kubwa ya siku humezwa na itifaki, yaani taratibu za heshima katika shughuli rasmi: nani aketi meza kuu, nani atoe salamu kwanza, risala isomwe na nani, mgeni rasmi apokelewe mlango upi. Wasomi hupenda kuidharau sehemu hii, lakini katika jamii ambayo kumruka mwenyekiti wa mtaa katika utambulisho kunaweza kuharibu mradi mzima wa maji, itifaki ni uhusiano wa umma katika hali yake ya wazi kabisa.

Hata hivyo, kupeleka maneno nje ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo haionekani kwenye picha za hafla, ni kuyaleta ndani maneno ya watu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inazitaka taasisi zinazohusika kuwa na maafisa habari wa kushughulikia maombi ya wananchi, nayo inaweka ukomo wa siku 30 wa kuyajibu. Afisa anayesoma maombi hayo pamoja na malalamiko ya dawati la huduma kwa wateja hupata picha ambayo mkurugenzi haipati: anajua kwamba kata fulani imekaa bila maji, kwamba ankara zimekosewa, kwamba uvumi umeanza. Akiyapeleka mambo hayo juu mapema, yakiwa na ushahidi, huanza kusikilizwa hata akiwa wa daraja la chini.

Pana pia suala la bahasha, yaani fedha wanazopewa waandishi wanapohudhuria tukio. Huitwa nauli au posho, na afisa mpya anaweza kukabidhiwa jukumu la kuzigawa katika wiki yake ya kwanza. Kumgharamia usafiri mwandishi anayepelekwa mbali kwa utaratibu ulio wazi si sawa na kununua habari, lakini mpaka kati ya mambo hayo mawili ni mwembamba, na afisa asiyeuliza mapema fedha hizo zimeidhinishwa na nani na zinaandikwa wapi ndiye atakayeulizwa baadaye.

Jambo linaloamua zaidi ustawi wa afisa ni mahali kitengo chake kilipowekwa. Katika wizara, Kitengo cha Mawasiliano Serikalini huwajibika moja kwa moja kwa Katibu Mkuu. Katika kampuni binafsi kinaweza kuwa chini ya mkurugenzi mkuu, au kikafichwa ndani ya idara ya masoko, ambako kila taarifa hupimwa kwa mauzo. Mhitimu aliyeitwa kwenye usaili ana haki ya kuuliza kama mkuu wa kitengo huhudhuria vikao vya menejimenti, kwani jibu lake litamwonyesha kama siku ya hitilafu ataelezwa mapema na kuandaa majibu, au ataisoma habari hiyo kwenye simu yake wakati mmoja na wateja.