Kuonyesha Ripoti za Majaribio katika Somo la Kompyuta

Mwalimu anayerudisha daftari lenye alama ya kosa bila kuonyesha kosa lilipo hajamsaidia mwanafunzi. Ndivyo ilivyo pia kwa seva inayojaribu programu za wanafunzi kila wanapoziwasilisha, kisha ikatoa rangi nyekundu pasipo maelezo. Tumekusudia kueleza jinsi ya kuiwezesha seva ya Jenkins, iliyoitwa Hudson hadi mwaka 2011, ionyeshe ripoti za majaribio.

Tuseme wanafunzi wa Muze, katika Bonde la Rukwa, wameandika kwa Java programu ya kukokotoa wastani wa alama. Jaribio la kwanza linaipa alama tatu, nayo inafaulu. La pili linaipa darasa lisilo na mwanafunzi hata mmoja. Programu inagawanya kwa sifuri na kukwama. Intaneti si lazima wakati wa kipindi: kompyuta moja yatosha kuwa seva, na nyingine huifikia kwa mtandao wa ndani kupitia poti 8080, mradi vifaa vyote vya programu vimepakuliwa mapema.

Maven huandika matokeo ya majaribio katika faili za XML. Katika Jenkinsfile, sharti tuiagize Jenkins izisome, na programu-jalizi ya JUnit iwepo. Hapa ndipo wengi hukosea: huweka agizo hilo mara baada ya hatua ya majaribio. Jaribio likishindwa, Maven hurudisha kosa, hatua zinazofuata huachwa, na ripoti haisomwi siku ile ile inapohitajika. Kwa hiyo agizo liwekwe mahali panapotekelezwa kwa vyovyote vile:

post {
  always {
    junit 'target/surefire-reports/*.xml'
  }
}

Tukiongeza -Dmaven.test.failure.ignore=true kwenye amri ya Maven, jaribio lililoshindwa litaleta rangi ya njano, na nyekundu itabaki kwa programu isiyotafsirika kabisa. Twapendelea hivyo darasani. Lakini tahadhari: nyongeza hiyo ikitumika pasipo agizo la junit, programu mbovu itapata rangi ya kufaulu, na hakuna atakayeshtuka.

Tunashauri kipindi cha kwanza kianze na lile jaribio la darasa tupu. Mwanafunzi abonyeze jina lake katika ripoti, asome ujumbe na namba ya mstari, ndipo arudi kwenye programu kurekebisha.