Mwenendo wa Kuzorota kwa Makula kwa Wazee: Kinachopimwa na Kinachokosekana

1.0 Utangulizi

Makula ni eneo dogo lililo katikati ya retina, nalo ndilo linalomwezesha mtu kusoma, kutunga sindano na kutambua uso wa mwenzake. Kuzorota kwa makula kunakohusiana na umri huharibu eneo hilo huku uoni wa pembeni ukibaki salama kwa kiasi kikubwa. Mgonjwa aliyefikia hatua ya mwisho huweza kutembea nyumbani bila kujigonga, ilhali hawatambui wajukuu wake kwa sura. Ugonjwa huu ni tofauti na mtoto wa jicho, ambao huondolewa kwa upasuaji na uoni ukarejea; seli za retina zikishakufa hazirudi. Kwa hiyo, swali la utafiti haliishii katika kujua ni nani anaugua, bali ni nani atakayetoka hatua ya awali hadi hatua ya mwisho, na baada ya muda gani. Makala haya yanafafanua namna swali hilo linavyojibiwa na mahali ambapo majibu yake huweza kupotosha.

2.0 Hatua za Ugonjwa

Dalili ya mwanzo ni druseni, yaani mabaki ya mafuta na protini yanayojikusanya chini ya tabaka la seli zenye rangi zinazoihudumia retina. Uainishaji uliochapishwa mwaka 2013 na kutumiwa na watafiti wengi huzigawa druseni kwa ukubwa. Zilizo chini ya maikromita 63 huhesabiwa kuwa sehemu ya uzee wa kawaida. Zile za kati ya maikromita 63 na 125, pasipo mabadiliko ya rangi ya retina, huashiria hatua ya awali. Zinazozidi maikromita 125, au mabadiliko ya rangi yanayoambatana na druseni za kati, huashiria hatua ya kati.

Hatua ya mwisho ina sura mbili. Katika aina kavu, seli za makula hunyauka na kuacha doa linalopanuka polepole. Katika aina ya majimaji, mishipa dhaifu ya damu huota chini ya retina na kuvuja, na uoni huweza kupotea katika muda wa majuma machache. Tangu mwaka 2006, dawa ya ranibizumab inayodungwa ndani ya jicho imebadili hatima ya wagonjwa wengi wa aina ya majimaji. Kwa aina kavu, dawa zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2023 hupunguza kasi ya kupanuka kwa doa, lakini hazirejeshi uoni.

3.0 Kutoka Picha hadi Utabiri

Utafiti wa Marekani ujulikanao kwa kifupi kama AREDS, ulioanza kuandikisha washiriki mwaka 1992, uliwafuatilia watu 4,757 wenye umri wa miaka 55 hadi 80. Mwaka 2005 watafiti wake walitoa kipimo rahisi: kila jicho hupewa alama moja kwa druseni kubwa na alama moja kwa mabadiliko ya rangi. Uwezekano wa kufikia hatua ya mwisho ndani ya miaka 5 ulikuwa takriban asilimia 0.5 kwa asiye na alama, asilimia 3 kwa alama moja, 12 kwa alama mbili, 25 kwa alama tatu na 50 kwa alama nne. Ubora wa kipimo hiki ni kwamba kinamtazama mtu mwenye macho mawili, wala si jicho moja lililotengwa na mwenzake.

4.0 Mitego ya Ufasiri

Mtego wa kwanza umo katika druseni zenyewe. Druseni huweza kusinyaa, na mara nyingine kusinyaa huko hutangulia kunyauka kwa seli. Mtafiti anayechukulia kupungua kwa druseni kuwa ni nafuu huenda anarekodi maangamizi kana kwamba ni uponyaji.

Mtego wa pili ni kifo. Mzee anayefariki kabla ya uchunguzi wa pili hawezi tena kufikia hatua ya mwisho. Akihesabiwa kama mshiriki aliyepotea tu, ambaye ugonjwa wake ungeweza kuendelea mahali pengine, makadirio ya idadi ya watakaopofuka huwa makubwa kuliko hali halisi. Kasi ya ugonjwa miongoni mwa walio hai na idadi ya watu watakaohitaji huduma ni maswali mawili tofauti.

Mtego wa tatu ni uteuzi wa washiriki. Washiriki wa AREDS walikuwa watu waliojitolea katika vituo vya tiba, wengi mno wakiwa Wamarekani wenye asili ya Ulaya. Utafiti wa Beaver Dam, Wisconsin, ulioanza mwaka 1988, uliepuka nusu ya tatizo hilo kwa kuwaalika wakazi wote wa mji wenye umri uliolengwa. Nusu ya pili, yaani asili ya washiriki, ilibaki.

5.0 Mfano wa Nakuru

Hapo ndipo umuhimu wa utafiti wa Nakuru, Kenya, unapoonekana. Mwaka 2007 na 2008 watu 4,414 wenye umri wa miaka 50 na zaidi walichunguzwa, kisha wakatafutwa tena mwaka 2013 na 2014. Uchunguzi wa kwanza ulionyesha kuwa ugonjwa huu, uliodhaniwa kuwa nadra kwa Waafrika, ulikuwepo kwa kiwango kisichoweza kupuuzwa. Hata hivyo, ni takriban nusu tu ya washiriki waliochunguzwa tena. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwahamisha watu wengi wa eneo hilo, na wengine walifariki katika miaka hiyo. Ikiwa waliokosekana walikuwa wazee zaidi au wenye uoni hafifu zaidi, basi kiwango kilichopatikana kinawakilisha walio imara kuliko jamii nzima.

6.0 Hitimisho

Alama za AREDS haziwezi kuhamishiwa Afrika Mashariki kabla ya kuthibitishwa kwa washiriki wa huko. Uthibitisho huo unahitaji mambo matatu: picha za retina zinazosomwa kwa kigezo kimoja katika kila awamu, hesabu inayotenganisha kifo na upotevu wa washiriki, na kumfuata nyumbani mzee asiyeweza kufika kituoni. Hitaji la mwisho ndilo ghali kuliko yote, na ndilo lenye uzito zaidi, kwa kuwa mzee aliyeshindwa kufika huenda ndiye ambaye ugonjwa wake umesonga mbele zaidi.