Jinsi kompyuta inavyotambua nyumba zilizoteketea

MOTO wa nyikani ulipoteketeza mji wa Lahaina katika kisiwa cha Maui, Marekani, mnamo Agosti 8, 2023, majengo zaidi ya 2,000 yaliharibiwa na watu wapatao 100 wakafariki. Waliotoroka walibaki na swali moja: je, nyumba ingali imesimama?

Kwa kawaida, swali hilo hujibiwa na wakaguzi wanaopita nyumba hadi nyumba. Kazi hiyo yaweza kuchukua wiki kadhaa, kwani barabara hufungwa na vifusi huwa hatari. Ndiyo sababu wataalamu wamegeukia picha za setilaiti zinazosomwa na kompyuta, mbinu ambayo kampuni ya Microsoft iliitumia kukadiria uharibifu wa Maui.

Mbinu hiyo huitwa ujifunzaji wa kina. Kompyuta haielezwi sura ya nyumba iliyoungua. Badala yake, huonyeshwa maelfu ya picha mbili mbili, moja ya kabla ya mkasa na nyingine ya baadaye, huku kila jengo likiwa limewekewa alama na binadamu. Kila inapokosea, programu hurekebisha hesabu zake, hadi inapoweza kutambua yenyewe paa lililotoweka na kuacha jivu.

Hazina moja kubwa ya picha hizo, iitwayo xBD, ilitolewa mwaka wa 2019. Ina alama zaidi ya 850,000 za majengo ya maeneo yaliyokumbwa na mikasa mbalimbali, ikiwemo mioto ya California. Majengo hayo yamegawanywa katika madaraja manne: yasiyodhurika, yaliyodhurika kidogo, yaliyodhurika sana na yaliyoangamia kabisa.

Hata hivyo, setilaiti hutazama kutoka juu. Nyumba ambayo paa lake ni zima yaweza kuwa imeungua kuta au kujaa masizi ndani. Moshi na matawi ya miti pia huficha majengo. Isitoshe, programu iliyofunzwa kwa nyumba za eneo moja huenda ikapotoka inapopelekwa penye mapaa na udongo tofauti.

Kosa la aina hiyo si dogo. Nyumba iliyoteketea ikihesabiwa kuwa salama, mwenyewe anaweza kucheleweshewa msaada. Kwa hivyo, ramani ya kompyuta inafaa zaidi kuonyesha mahali pa kupeleka misaada kwanza, ilhali uamuzi kuhusu kila nyumba unahitaji mkaguzi aliyefika na kujionea.