Motokaa Ipi Hudumu?

Siku hizi si ajabu kusikia kwamba ukoo mmoja, au chama cha wakulima, umechanga fedha ili kununua motokaa iliyokwisha kutumika ng'ambo. Fedha hizo ni kahawa ya miaka kadha, au ng'ombe wa urithi, au kiinua mgongo cha baba. Basi watu hukaa kitako na kubishana: huyu asema Land Rover, yule asema Toyota, na mzee mmoja atawaambia wote kwamba haijapata kutokea gari kama Peugeot. Yafaa tutazame majina hayo matatu, tujue sifa zao zimetoka wapi.

Tuanze na Mwingereza. Land Rover ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948. Wakati ule, baada ya vita kuu, chuma kilikuwa haba sana Uingereza, basi waundaji wakatumia bati la alumini kwa bodi. Alumini hailiwi na kutu kama chuma. Ndiyo maana hata leo twaona Land Rover za kale ambazo bodi zao bado ni imara. Lakini fremu ya chini ni ya chuma, nayo huoza, hasa mahali panaposhika tope, na kwa ndugu zetu wa pwani huoza upesi zaidi. Anayetazama juu tu aweza kununua gari zuri juu na bovu chini. Sifa yake kubwa ni kwamba sehemu nyingi zimefungwa kwa bolti, na fundi mwenye spana chache aweza kulifungua chini ya mwembe. Gari la mwisho la ukoo huo, Defender, lilikoma kuundwa Solihull mwezi wa Januari 2016. Lile jipya lililoonyeshwa mwaka 2019 limepewa jina lile lile, lakini ni kitu kingine kabisa: halina fremu ya peke yake, na mengi ndani yake huongozwa na kompyuta. Asiyejua hayo atanunua jina.

Peugeot ya Wafaransa ilijipatia heshima huku kwetu katika mashindano ya Safari. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963, na tena 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Ndugu yake, 504, akashinda mwaka 1975 na 1978. Siri ilikuwa springi zake: laini, zenye kupanda na kushuka sana, hata mashimo ya barabara hayakuivunja mifupa upesi. Ni kweli mashindano ni ya siku chache tu, lakini 504 ilibeba abiria miaka mingi, na iliendelea kuunganishwa Kenya mpaka mwaka 2004. Mzee wetu hasemi uongo. Ila gari analolisifu haliundwi tena, na spea zake huwa taabu kupata.

Sasa Toyota. Habari yao haikuanza na motokaa, ilianza na nguo. Sakichi Toyoda wa Ujapani aliunda mitambo ya kufumia. Mtambo wake wa mwaka 1924 ulikuwa na akili hii: uzi ukikatika, mtambo husimama wenyewe, usiendelee kufuma nguo mbovu. Mwanawe, Kiichiro, ndiye aliyeingia katika kazi ya motokaa, na kampuni ikaanzishwa mwaka 1937. Akili ile ya uzi ikaingia kiwandani. Mfanyakazi ye yote akiona kosa huvuta kamba, kiongozi wake huja mbio, na kosa lisipoondolewa upesi kazi husimama. Katika viwanda vingi vya wengine, gari liliachwa lipite, makosa yatengenezwe mwishoni. Lakini bolti iliyokazwa vibaya ikishafunikwa, nani ataiona?

Wengine husema hiyo ni tabia ya Wajapani tu. Sivyo. Huko Fremont, California, kampuni ya General Motors ilikuwa na kiwanda chenye sifa mbaya: utoro, ugomvi, magari yenye kasoro. Kikafungwa mwaka 1982. Mwaka 1984 kilifunguliwa tena kwa ushirika na Toyota, na wengi wa wafanyakazi walikuwa wale wale wa zamani. Walifundishwa taratibu mpya, wakapewa ruhusa ya kuvuta kamba, na kabla ya muda mrefu magari yao yakawa na makosa machache kuliko ya viwanda vingi vya Marekani.

Hata hivyo Toyota si malaika. Wenye pikapu za Tacoma nchini Marekani walishtaki kwamba fremu zilioza kabla ya wakati wake, na mwaka 2016 kampuni ilikubali mapatano yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4. Kwa barabara za vijijini sifa yenyewe ni ya Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza mwaka 1984, ambazo fremu yao ni nene. Nyingi kati yake zina injini ya dizeli isiyo na mambo mengi. Usidhani gari dogo la mjini lenye alama ile ile litafanya kazi hiyo.

Wengine husoma orodha za kampuni ya Marekani iitwayo J.D. Power. Orodha yao ya kudumu huuliza wenye magari yaliyotumika kwa miaka mitatu. Lakini Kenya, kwa mfano, sheria inaruhusu kuingiza gari kuukuu lisilozidi miaka minane. Kwa hiyo gari huweza kuanza kazi kwetu likiwa limekwisha kuupita umri walioupima wao.

Basi kabla ya fedha kutoka mkononi, fundi alale chini ya gari na kugonga fremu kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya kufa. Auliziwe pia bei ya spea katika duka la mji wa karibu. Na saa ya kilomita isiaminiwe peke yake, maana hurudishwa nyuma. Gari likisema limekwenda kilomita 60,000, na mpira wa pedali ya breki umelika mpaka chuma kinaonekana, muuzaji aulizwe ni miguu ya nani iliyoula.